Mwendo wa Magari Vijijini Mwetu: Nani Aulizwe?

Lami imetufikia. Wazee wa Mpanda wanakumbuka jinsi safari ya Tabora ilivyotegemea treni ya Kaliua, na jinsi msafiri wa gari alivyoweza kulala njiani wakati wa masika. Leo barabara ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga, yenye urefu wa karibu kilomita 343, ni ya lami; ilizinduliwa mwaka 2022. Upande wa kusini lami hutoka mjini hadi Sitalike. Mgonjwa hufika hospitali mapema, na mahindi na mpunga wetu hupata soko la mbali. Neema hiyo hatuna budi kuishukuru.

Hata hivyo, lami hiyo ndiyo pia njia yetu ya miguu. Pembeni mwake hupita watoto wa shule, akina mama wenye ndoo kichwani, baiskeli zilizobebeshwa magunia ya mkaa, na mikokoteni ya ng'ombe. Wafugaji huvusha mifugo yao hapo hapo. Zamani mashimo na vumbi ndivyo vilivyompunguzia dereva mwendo. Mashimo yameondoka, na hakuna aliyewauliza wanakijiji ni kitu gani kiwekwe mahali pake.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na magari mazito. Wengi hudhani tofauti ya tarakimu hizo ni ndogo. Dereva wa gari dogo anayekwenda kilomita 80 kwa saa huhitaji karibu mita 57 ili asimame, hata kama lami ni kavu na breki ni nzima. Akiwa na 50 huhitaji karibu mita 28. Maana yake ni kwamba mtoto akichomoka ghafla mita 30 mbele ya gari, dereva wa pili husimama kabla ya kumfikia. Yule wa kwanza atakuwa ameanza tu kukanyaga breki. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Kwa sababu hiyo, mawaziri wa nchi nyingi waliokutana Stockholm mwezi Februari 2020 walihimiza kikomo cha kilomita 30 mahali ambapo watembea kwa miguu na magari huchangamana.

Sisi tunaona kwamba kikomo hicho cha 30 kinafaa kuwekwa mbele ya kila shule, soko na zahanati iliyo kando ya barabara kuu mkoani Katavi, tena kiwekwe kwa kudumu. Tunasisitiza neno hilo kwa sababu tumezoea hatua za majuma mawili: inatokea ajali, askari wanapiga kambi na tochi yao, madereva wanawashiana taa kuonyana, kisha askari wanaondoka na mambo yanarudi yalivyokuwa. Mahali pengi nchini tuta hujengwa baada ya matanga.

Katika Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara ya Zambia hukatiza mbugani, kuna orodha ya faini kwa kila aina ya mnyama atakayegongwa: tembo, twiga, pundamilia. Hatupingi hata kidogo. Wanyama ni viumbe vya Mungu, nasi wenye Hifadhi ya Katavi tunalijua hilo. Ila tunajiuliza kama dereva apitaye Sitalike hupunguza mwendo kwa ajili ya kijiji kwa moyo ule ule anaoupunguzia kwa ajili ya swala.

Lakini kikomo kizuri kilichoamuliwa bila watu huharibika upesi. Majirani zetu wa Uganda walianzisha mwezi Juni 2025 mfumo wa kutoza faini kwa mitambo, pamoja na kikomo cha kilomita 30 katika maeneo kadhaa. Wananchi walilalamika kwamba faini ni nzito na alama za barabarani hazitoshi. Baada ya siku chache tu mfumo ukasitishwa. Nia ya kuokoa maisha ilikuwa njema, lakini wananchi waliionja kwanza kama adhabu.

Katiba yetu, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Kanisa nalo, tangu waraka wa Papa Pius XI wa mwaka 1931, linafundisha kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulitenda, ile kubwa isilinyang'anye. Mtaalamu wa barabara anajua kona na mteremko. Anayejua kwamba watoto huvuka karibu na mwembe na si penye alama ni mama auzaye maandazi hapo. Lakini tunasikia mara nyingi juu ya vikao vya wadau vinavyofanyika mjini, kwa nauli ya mtu mwenyewe, ambamo wenye mabasi na wenye malori wamo, na mama huyo si mdau.

Basi mashauriano yafanyike kijijini, katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji. Yasipangwe wakati wa kilimo, Novemba hadi Aprili, siku ambazo watu wako mashambani tangu alfajiri. Waitwe wafugaji, vijana wa bodaboda, walemavu, Waislamu na Wakristo wa madhehebu yote, na wenzetu wa Katumba na Mishamo, ambao wengi wao sasa ni raia kama sisi.

Madereva nao wasikilizwe. Wanahofia kuchelewa, na hofu yao si ya kupuuzwa, hasa kwa anayempeleka mgonjwa. Hata hivyo, kilomita 2 za kijiji kwa mwendo wa 50 huchukua dakika mbili na nusu hivi. Kwa mwendo wa 30 huchukua dakika 4. Vijiji kumi vya namna hiyo ni robo saa. Wakisema robo saa hiyo ni nyingi mno, waseme hivyo mbele ya wazazi wa vijiji hivyo, nao wajibiwe.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo zilizo kando ya lami, tunawaomba juma hili mtembee barabara yenu asubuhi, saa ya watoto kwenda shule. Andikeni mahali wanapovukia, kisima kilipo, na mahali alama ilipoanguka. Karatasi hiyo apewe mwenyekiti wa kijiji kabla ya mkutano ujao, na nakala ipelekwe ofisi ya TANROADS mkoani.