Mtumbwi mpya: bei ya haki si bei ya njaa

KALEHE, Kivu Kusini – Kandokando ya ziwa Kivu, mtumbwi mmoja una bei mbili. Bei ya kwanza anaambiwa mwenyeji, mtu ambaye fundi amekua naye na anajua nyumba ya baba yake. Bei ya pili anaambiwa mhami wa vita, yule aliyefika juzi na gunia begani na watoto nyuma yake. Mtumbwi ni uleule, mbao ni zilezile, misumari ni ileile. Kilichobadilika ni njaa ya yule anayeuliza.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema: mgeni njoo, mwenyeji amnyonye. Bei ya mhami ni aibu, na inafaa isemwe wazi kwamba ni aibu. Lakini kuna upande mwingine ambao watu hawapendi kuusikia: mnunuzi anayemkaba fundi mpaka bei ishuke chini ya gharama, naye anajichimbia shimo. Bei mbaya, iwe ya juu, iwe ya chini, mwisho wake huonekana majini.

Watu wa kando hii ya ziwa wanajua kwa nini mtumbwi umekuwa jambo kubwa. Mwezi wa tano 2023, mafuriko yalifagia Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walipoteza maisha, na familia nyingi zikabaki bila nyumba wala shamba. Kisha vita ikasukuma watu wengine toka Masisi wakashuka mpaka Minova. Mtu aliyeacha shamba lake mlimani hana pa kulima huku chini. Shamba la kukodi lina bei, na mvua haingoji. Ziwa ndilo linabaki. Mwenye mtumbwi anaweza kutega nyavu usiku, kupeleka ndizi na makaa sokoni, au kuungana na wengine kuvua sambaza, samaki aliyeletwa huku toka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambaye leo analisha miji yote ya kando ya Kivu. Asiye na mtumbwi anabaki kibarua wa mtumbwi wa mwingine, anagawiwa samaki wa mwisho.

Ndiyo maana baba wa familia, au kikundi cha mama waliochanga pesa kwenye MUSO yao miezi mingi, wanapofika kwa fundi, wanafika na haraka. Fundi anaiona haraka hiyo kabla hawajafungua kinywa. Wanasema: “Fundi, tunahitaji mtumbwi wiki hii.” Hapo biashara imekwisha. Aliyesema anahitaji wiki hii amekwisha kulipa ile bei ya juu, hata kama pesa bado iko mfukoni.

Njia ya kupatana bei vizuri haianzi kwenye bei, inaanza kwenye hesabu. Mtumbwi wa mbao si fumbo. Una mbao, una mbavu za ndani, una misumari, una pamba na gudroni za kuziba nyufa, una usafiri wa kuleta mbao, na una siku za kazi za fundi na msaidizi wake. Kila kimoja kina bei ambayo mtu anaweza kuiuliza sokoni kabla ya kuonana na fundi.

Chukua mfano. Bei hizi ni za mfano tu, kila soko lina zake. Fundi anataja dola 700. Mnunuzi, aliyeambiwa na jirani kwamba ni lazima kukata zaidi ya nusu, anajibu: “Nina 300.” Wanaanza kuvutana. Mmoja anaapa kwa watoto wake, mwingine anajifanya kuondoka, na hakuna hata mmoja anayezungumza juu ya mtumbwi wenyewe.

Sasa mnunuzi huyohuyo apige hesabu. Mbao 24, kila moja dola 8, inakuwa 192. Misumari, dola 25. Pamba na gudroni, dola 20. Usafiri wa mbao, dola 30. Fundi na msaidizi, siku 12, kila mmoja dola 6 kwa siku, inakuwa 144. Jumla ni dola 411. Fundi naye ana watoto wanaosoma na vyombo vinavyochakaa, aongezewe dola 60 za faida. Tunafika 471.

Hesabu hiyo inasema mambo mawili. Kwanza, aliyetaja 700 ameongeza zaidi ya dola 200 ambazo hazimo ndani ya mbao wala ndani ya jasho. Hizo ni dola za njaa ya mnunuzi. Pili, aliyetaja 300 anaomba kitu ambacho hakipo. Akishikilia hapo, na fundi ana shida ya pesa siku hiyo, fundi atakubali. Lakini dola 111 zinazokosekana lazima zitoke mahali. Zitatoka kwenye unene wa mbao. Zitatoka kwenye misumari iliyopaswa kupigwa mitatu ikapigwa mmoja. Zitatoka kwenye mti mbichi ambao haukuachwa ukauke, ambao ukipigwa na jua utajikunja na kufungua mdomo. Rahisi ni ghali, na majini ni ghali mara mbili.

Bei ya juu nayo inaua kwa njia yake. Aliyenunua kwa deni la dola 700 kitu cha dola 471 hana nafasi ya kupumzika siku yenye upepo. Mwenye deni anamngoja. Atapakia magunia matano mahali pa matatu, atabeba abiria kumi mahali pa sita, ataondoka hata kama mawingu yamefunga upande wa Idjwi. Kivu si kidimbwi, kina chake kinapita mita 450. Hakuna aliyesahau tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama mbele ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaangalia toka ng'ambo. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Kila familia ya Minova ina jina la kutaja kuhusu siku ile. Basi mtu anapozungumza juu ya bei ya chombo cha majini, hazungumzi juu ya pesa peke yake.

Mnunuzi afanye nini basi? Jambo la kwanza ni kutokwenda peke yake. Mhami ambaye hamjui mtu aende kwanza kwa nyumba kumi wa mahali alipopokelewa, au kwa kamati ya wavuvi wa pwani hiyo, aombe mvuvi mzee mmoja amsindikize. Mvuvi aliyekaa majini miaka 20 haangalii rangi. Anagonga ubao kwa kitako cha kisu na kusikiliza sauti. Anakwangua gudroni kidogo kuona kilichofichwa chini yake, sababu wapo wanaochukua mtumbwi wa zamani, wanaupaka gudroni mpya, wanauita mpya. Anatazama ule ubao wa chini unaobeba mtumbwi mzima, kama ni mmoja ama umeungwaungwa. Anauliza ni mti gani, libuyu au mkaratusi, na ulikatwa lini. Soda moja ya mzee huyo ni pesa ndogo sana kuliko hasara anayoizuia.

Jambo la pili ni kutembelea mafundi watatu kabla ya kutaja bei kwa hata mmoja. Si kwa kuwagombanisha. Ni kwa kujua. Akiisha kuwaona watatu, ataelewa kama 700 ni bei ya pwani nzima ama ni bei ya uso wake.

Jambo la tatu ni namna ya kusema. Mtu anayeanza na “bei yako ni ya wizi” amekwisha kumtukana fundi, na fundi aliyetukanwa hashuki. Afadhali aseme: “Fundi, tuhesabu pamoja. Mbao ni ngapi? Misumari kilo ngapi? Siku ngapi?” Fundi mwaminifu hufurahi kuulizwa hivyo, sababu mara nyingi hakuna mtu anayeiona kazi yake. Fundi asiye mwaminifu huanza kukasirika kabla ya kufika kwenye misumari. Jibu hilo nalo linatosha.

Jambo la nne ni kulipa kwa vipande. Avansi ya kununua mbao, sehemu ya pili mbavu zikiisha kusimama, na sehemu ya mwisho mtumbwi ukiwa majini. Anayetoa pesa yote siku ya kwanza amempa fundi zawadi na kujipa usingizi mbaya. Hapa kuna jambo moja ambalo wasiozoea husahau: mtumbwi mpya wa mbao huingiza maji kidogo siku ya kwanza, mpaka mbao zivimbe na kujibana. Hilo si kosa la fundi. Kwa hiyo usipokelewe siku hiyohiyo. Utiwe mawe yenye uzito wa mzigo wa kawaida, ulale majini usiku mbili, na asubuhi ya tatu uangaliwe. Kama maji bado yanaingia kama siku ya kwanza, fundi azibe tena bila kuongezwa pesa. Neno hilo lisemwe siku ya kupatana bei, si siku ya ugomvi.

Jambo la tano ni karatasi. Majina ya pande mbili, urefu wa mtumbwi, aina ya mti, bei, avansi iliyotolewa, siku ya kumaliza, na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Noti za dola zihesabiwe na kuangaliwa mbele ya mashahidi hao, sababu kila mtu anajua dola yenye kipasuko kidogo inavyokataliwa huku kwetu, na wengi wamegombana kwa noti moja mbaya iliyogunduliwa kesho yake. Kama malipo yanapita kwa simu, ujumbe wa simu usifutwe. Tena mnunuzi aulize mapema ni makaratasi gani ya leta yanayohitajika ili mtumbwi ufanye kazi, na adai risiti kwa kila pesa atakayotoa. Pesa hizo nazo ni sehemu ya bei ya mtumbwi, hata kama hazimo katika bei ya fundi.

Mafundi nao wana neno lao, na lisikilizwe. Wanasema njia zikifungwa mbao zinapanda bei, kila kizuizi kina mkono unaongoja pesa, na mhami anaweza kutoa avansi kisha akahama tena usiku, akamwachia fundi mtumbwi nusu. Ni kweli. Fundi anayeongeza kidogo kwa sababu mbao zimepanda hafanyi dhambi. Lakini aonyeshe bei aliyonunulia mbao. Na anayeogopa mnunuzi atahama aombe avansi inayotosha mbao, hiyo ni haki yake. Asiweke hofu yake yote ndani ya bei ya maskini mmoja. Fundi asisahau pia kwamba katika nchi hii mwenyeji wa leo ndiye mhami wa kesho. Wangapi waliokuwa wakipokea wageni Minova wamejikuta nao wakilala kwenye nyumba za watu?

Kuna kazi ambayo kamati za wavuvi zingeweza kuifanya bila kungoja msaada wa shirika lolote. Kila mwezi, zibandike kwenye pwani ubao mmoja wenye bei tatu: bei ya mbao, bei ya kilo ya misumari, na malipo ya siku ya fundi. Bei tatu tu, zilizoandikwa kwa chaki. Asiyejua kusoma atasomewa na mtoto. Siku ubao huo utakaposimama, bei ya mhami itakosa mahali pa kujificha, na fundi mwaminifu hatalazimika tena kuapa. Redio za mtaa zingeweza kuzisoma bei hizo asubuhi, kama zinavyosoma matangazo ya vifo na ya vitu vilivyopotea.

Mpaka siku hiyo, kila familia inayofunga safari kwenda kwa fundi ibebe mambo matatu: hesabu, shahidi, na uvumilivu wa siku chache. Bei ya haki ni ile inayomwacha fundi akiwa na hamu ya kusalimiana na mnunuzi kesho, na inayomwacha mnunuzi akiwa na kitu cha kununulia nyavu, na jile za kuokolea za kutosha watu wote wanaopanda. Pesa ikiisha yote kwenye mbao, jile hazinunuliwi. Na mtumbwi usiokuwa na jile, hata uwe mpya namna gani, bado haujakamilika.