Jina Lile Lile, Harufu Siyo Ile

Mwezi uliopita nyumba ya shangazi yangu, huko Magomeni, ilikaribia kuingiwa na huzuni kwa sababu ya chupa moja ya manukato. Shangazi ni mshonaji wa siku nyingi. Mwaka 1979 mteja wake mmoja, mke wa mgeni aliyekuwa akirejea kwao Ulaya, alimwachia chupa ndogo ya manukato ya Kifaransa kuwa bakhshishi juu ya ujira wa magauni. Shangazi aliyatumia kwa mkono wa birika: tone moja siku ya Idi, tone jingine siku ya harusi. Yalipokwisha, aliifunga chupa tupu ndani ya kanga akaiweka sandukuni, na tangu hapo kila nguo iliyotoka katika sanduku lile ilitoka inanukia.

Mwaka huu binti yake alijinyima kwa miezi kadhaa akamnunulia chupa mpya yenye jina lile lile. Shangazi alijinyunyizia kidogo, akanusa kifundo cha mkono, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, umeibiwa. Haya siyo."

Binti alitoka nje ili tusione machozi yake. Mimi nikaitwa kuamua, kwa kuwa mtu aandikaye magazetini hudhaniwa na jamaa zake kuwa anajua kila kitu. Jina la manukato yale silitaji, maana kisa chenyewe ni cha nyumbani. Lakini jambo lililomsibu shangazi linawasibu wengi, nami nitalieleza kwa kutumia manukato mengine ya ukoo huo huo, yaani yale ambayo juu yake ni maua na chini yake ni mti. Hayo ni Bois des Îles ya Chanel, nyumba ya mavazi na manukato ya mjini Paris. Kwa lugha yetu jina hilo ni sawa na kusema "Miti ya Visiwani".

Yalitungwa na Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow, yule yule aliyekuwa ametunga Chanel No. 5 mwaka 1921. Bois des Îles yalitoka mwaka 1926, nayo huhesabiwa miongoni mwa manukato ya mwanzo ya kike ambayo msingi wake ulikuwa mti. Mtu akiyapaka, kwanza hukutana na aldehidi, ambazo ni viungo vya maabara vyenye ukali safi unaokumbusha ganda la chungwa na nguo iliyotoka kwenye pasi. Baada ya hapo hufuata waridi, asmini na mlangilangi. Msandali huwapo tangu mwanzo, lakini hauna haraka; maua yanapoanza kuchoka ndipo unapojitokeza, laini na wenye joto, mfano wa maziwa yaliyochemshwa, ukiwa na vanila kwa mbali. Wengi wakiunusa mwisho huo husema wanakumbuka mkate wa tangawizi. Mimi husema unakumbusha chumba cha bibi.

Wala sisemi hivyo kwa kujipendekeza. Mwanamke wa pwani aliyekulia katika nyumba yenye jiwe la kusagia liwa, asmini kitandani na mlangilangi uani, hahitaji mwalimu wa kumweleza kwa nini mti na ua hupatana. Ua hutangulia kufa, mti hubaki. Tena mlangilangi unaoingia katika manukato ya Paris hutoka kwa majirani zetu. Visiwa vya Komoro, hasa Nzuwani, ni miongoni mwa watoaji wakubwa duniani wa mafuta hayo. Maua huchumwa alfajiri, hutiwa chunguni siku ile ile, na hukenekwa kwa saa nyingi. Mafuta ya kwanza kutoka ndiyo bora, nayo huenda kwa watunga manukato. Ya mwisho huishia katika sabuni. Chungu hicho hula kuni nyingi, na vilima vya Komoro vimekwisha kulipia gharama hiyo kwa kupoteza miti yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha mambo. Manukato ya namna hii si wino wa kiwandani, unaoweza kutengenezwa leo sawasawa na ule wa miaka hamsini iliyopita. Yanategemea mti ulioota mahali fulani, na mti huo una habari zake.

Msandali uliosifika kuliko yote ulitoka Mysore, kusini mwa India. Ni mti wa ajabu kidogo: mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya jirani na kunyonya sehemu ya chakula chake huko. Mafuta yamo katika moyo wa mti na katika mizizi, na moyo huo huchukua miongo kadhaa kukomaa. Kwa hiyo mvunaji haukati. Huung'oa wote, na aliyeupanda kijana huuvuna akiwa mzee. Mwaka 1792 Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, aliutangaza kuwa mti wa kifalme, na serikali zilizomfuata zikashikilia desturi hiyo: hata ukiota uani kwako, si wako. Mkulima akifahamu kwamba mti si wake bali lawama ukiibiwa ni yake, atautunza kwa sababu gani? Wengi waliung'oa ungali mche. Wezi nao wakashika msitu. Jambazi Veerappan, aliyeuawa na polisi mwaka 2004, aliishi miaka mingi msituni kwa magendo ya meno ya tembo na ya msandali. Sheria ya jimbo la Karnataka ilibadilishwa mwaka 2001 ili mwenye shamba awe na haki juu ya miti yake, lakini wakati huo msandali wa zamani ulikuwa umekwisha kuwa adimu, na bei yake imepaa.

Mtunga manukato afanyeje? Njia zake si nyingi. Anaweza kununua mafuta ya msandali kutoka mashamba yaliyopandwa Australia, au ya aina nyingine ya msandali iotayo katika visiwa vya Pasifiki, ambayo ni ndugu lakini si pacha. Anaweza kupunguza kipimo cha mti na kujaza pengo kwa viungo vya maabara vyenye harufu ya msandali. Viungo hivyo vina nguvu na hudumu, ila aghalabu huwa vimenyooka mno: vinapiga noti moja pale ambapo mti wenyewe ulipiga kumi.

Yapo na mabadiliko yaletwayo na afya. Tangu mwaka 1973 watengenezaji wana chama chao cha kimataifa kinachoweka mipaka ya viungo vinavyoweza kudhuru ngozi, na Umoja wa Ulaya una sheria zake. Ukoga wa mwaloni umewekewa kiwango, na Lilial, kiungo chenye harufu ya ua jeupe kilichokuwamo katika manukato mengi mno, kimepigwa marufuku huko tangu Machi 2022. Na tusijifanye hatujui: yako pia mabadiliko yanayotokana na hesabu za fedha tu. Kampuni ikibadili mchanganyo kwa nadra humwambia mnunuzi. Sanduku ni lile, jina ni lile, na bei imepanda. Katika hili kinyongo cha wanunuzi nakiona kuwa halali kabisa.

Bois des Îles yenyewe imepitia mikono hiyo. Mwaka 2007 iliingizwa katika safu ya manukato iitwayo Les Exclusifs, ikiwa ya mchanganyo mwepesi, na mwaka 2016 safu hiyo ikageuzwa kuwa ya mchanganyo mzito zaidi. Wapenzi wake wamegawanyika tangu siku hiyo. Wako wasemao kwamba ile nyepesi ilipumua vizuri zaidi, na wako washukuruo kwamba nzito hukaa mwilini mpaka jioni. Ubishi huo una maana, kwa kuwa kiasi kikibadilika hata uwiano baina ya ua na mti husikika tofauti.

Mtu atakaye kujua harufu za zamani zilikuwaje hana budi kwenda Versailles, karibu na Paris, ambako tangu mwaka 1990 iko hazina ya manukato iitwayo Osmothèque. Humo manukato yaliyokwisha kutoweka hutengenezwa upya kwa kufuata kanuni zake za asili, nayo huhifadhiwa gizani, katika nyuzi 12 za joto, chupa zikiwa zimejazwa gesi ya argoni ili hewa isiyaguse. Kwa juhudi hizo zote msomaji ataelewa jinsi manukato yanavyoogopa jua, joto na hewa. Ile desturi ya kuyapanga dirishani ili wageni wayaone ni kuyaua polepole. Yawekeni katika sanduku lake, kabatini.

Turudi Magomeni. Nilipoinusa chupa tupu ya shangazi nilitambua kitu ambacho yeye mwenyewe hakukifikiria. Ndani yake hakuna ua hata moja. Aldehidi zimeruka zamani, waridi limekwenda, asmini imekwenda. Kilichong'ang'ania kwenye kioo ni mti peke yake. Miaka yote hii shangazi amekuwa akinusa mwisho wa manukato, na siku ile alipojinyunyizia chupa mpya alikutana na mwanzo wake. Ilikuwa kana kwamba anafananisha bi harusi na bibi.

Nikamwomba asinawe mkono, wala asinuse tena mpaka nitakapomwambia. Tulikula chakula cha mchana, akasali, akashona pindo la gauni la jirani. Saa kumi na moja jioni nikamwambia, "Shangazi, sasa nusa." Akakiinua kifundo cha mkono na kukaa nacho puani kwa muda mrefu. Nikamletea na chupa ya zamani. Akanusa hii, akanusa ule mkono, akarudia.

"Ni wa ukoo mmoja," akasema. "Lakini huyu wa sasa ni mwembamba."

Nami nilinusa, nikaona hakukosea. Maua yalikuwa yale niliyoyatarajia, pengine yamechangamka zaidi. Mti ulikuwapo, lakini ule utamu wa maziwa ulikuwa umepungua, na mahali pake palikuwa na kitu kikavu, mfano wa penseli iliyochongwa. Binti yake hakuwa ameibiwa. Alikuwa amenunua manukato halali yaliyotungwa kwa mti mwingine.

Sharti niongeze neno, kwa kuwa binti huyo aliniuliza kama hatuwezi kuupata mti wa kweli hapa hapa kwetu. Msandali wa Afrika Mashariki upo, katika nyanda kavu za Kenya na Tanzania na kwa jirani zetu wengine. Si aina ile ya Mysore, lakini una mafuta yanayotakiwa. Wa India ulipoadimika, wafanyabiashara waliukimbilia huu, nao huung'olewa mpaka mizizi vile vile. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mkataba wa kimataifa wa CITES ukauweka chini ya ulinzi wa biashara katika Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda. Hata hivyo malori yenye magogo yake yamezidi kukamatwa.

Shangazi alisikiliza yote hayo huku akiifunga chupa ya zamani katika kanga yake. Binti akasema kwamba ziko chupa za miaka ile zinazouzwa na wakusanyaji huko ng'ambo, ambazo hazijafunguliwa, na akataja bei aliyoiona. Shangazi akauliza kwanza ni shilingi ngapi kwa fedha zetu, akaambiwa. Akatazama cherehani yake, ambayo miguu yake imefungwa kwa waya, akasema kwamba mwembamba atamfaa.

Siku ya Ijumaa nilimkuta amejipaka. Alikuwa amejipaka mapema, saa nzima kabla ya kutoka.