PIGANO TUNALOCHAGUA SISI



Tangu Jumamosi ile mwalimu wetu wa michezo alipotuonyesha filamu za ngumi katika chumba cha kulia, shule yetu haina tena mazungumzo mengine. Kwenye robine ni ngumi, kwenye mstari wa bugali ni ngumi, katika dortuari hata nyuma ya taa kuzimwa ni ngumi. Pigano gani linapita yote? Wadogo wa mwaka wa kwanza, wasiokumbuka pahali walipoweka kaye zao za hesabu, wanakumbuka vizuri K.O. ilikuwa raundi ya ngapi. Na kila siku wanatuuliza sisi makapita: "Yaya, na ninyi munachagua gani?"

Leo tunajibu. Lakini jibu letu lina sehemu mbili, na sehemu ya pili si tamu kwetu.

Wengi kati yenu wanachagua Kinshasa, na hatuwashangai. Ni pigano la inchi yetu. Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi ya usiku, mbele ya jua kutoka, Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni katika uwanja wa 20 Mai, ule unaoitwa leo Tata Raphaël. Foreman alikuwa na miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa hata mara moja, na 37 kati ya hizo alishinda kwa K.O. Alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili tu. Ali alikuwa na miaka 32, na watu wengi walimuogopea. Kumbe mzee alikuwa na akili yake. Aliegemea kamba, akafunika uso, akamwacha kijana apige, apige, apige mpaka mikono ikawa mizito. Katika raundi ya nane Ali alitoka kwenye kamba na Foreman akaanguka. Kila mwanafunzi anayeogopa Examen d'État inafaa aangalie pigano lile, kusudi ajue kwamba nguvu bila akiba inaisha mbele ya saa.

Wengine, zaidi wale wa mwaka wa nne, wanachagua Marvin Hagler na Thomas Hearns, tarehe 15 Aprili 1985, kule Las Vegas. Raundi tatu tu, na hakuna hata dakika moja ya kupumzika macho. Hagler alipasuka kwenye paji la uso, damu ikatiririka, arbitri akasimamisha kidogo kusudi daktari amuangalie. Aliporuhusiwa kuendelea, alimaliza kazi mara moja.

Ndugu zetu wa Katanga wanasema tunasahau mtoto wa nyumbani. Wana haki. Sumbu Kalambay alizaliwa Lubumbashi, akaenda kuishi Italia, na mwaka 1987 alimshinda Iran Barkley kwa pointi na kuwa bingwa wa dunia wa WBA katika uzito wa kati. Mwaka uliofuata alimshinda Mike McCallum, mtu ambaye hakuwa ameshindwa bado hata mara moja. Kalambay hakutegemea nguvu nyingi. Alitegemea mkono wa kushoto, miguu, na kichwa kisichokaa pahali pamoja. Tena wako wanaomchagua Ilunga Makabu, aliyechukua mkanda wa WBC hapo Kinshasa penyewe, tarehe 31 Januari 2020, mbele ya watu wake. Haya yote ni mapigano mazuri, na hatugombani na mtu.

Lakini sisi tunachagua Manila.

Tarehe 1 Oktoba 1975, karibu mwaka mmoja nyuma ya Kinshasa, Ali na Frazier walikutana mara ya tatu, katika inchi ya Ufilipino. Mara ya kwanza, mwaka 1971, Frazier alishinda. Mara ya pili, mwaka 1974, Ali alishinda. Hii ilikuwa ya kukata maneno. Pigano lilifanyika asubuhi, katika jumba lenye joto la kutisha. Raundi za kwanza zilikuwa za Ali. Zile za katikati Frazier aliingia ndani, akampiga kwenye mbavu mpaka Ali akaonekana mzee. Kisha Ali alipata nguvu tena, hatujui wapi. Katika raundi ya 13 alimpiga Frazier mpaka kinga ya meno ikaruka nje ya ulingo. Katika raundi ya 14 Frazier hakuona tena ngumi zinakotoka. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ugonjwa tangu zamani, na lile la kuume lilikuwa limevimba na kufunga. Alikuwa anapigana kama mtu katika giza.

Ilibaki raundi moja tu. Dakika tatu. Hapo mwalimu wake, Eddie Futch, akasema basi. Frazier alikataa, alitaka kusimama. Futch hakumsikiliza. Akasimamisha pigano, na Ali akawa mshindi.

Mutasema: "Lakini alimnyima mtu wake ushindi! Ali naye alikuwa amekwisha, labda hangetoka kwa raundi ya 15." Ni kweli kwamba Ali alichoka kabisa, na mpaka leo watu wanabishana juu ya jambo hilo. Lakini Futch hakuwa na kazi ya kuangalia uso wa Ali. Alikuwa na kazi ya kuangalia uso wa Frazier. Alimuona mtu asiyeona tena, baba wa watoto, na akajua yeye anaweza kusema basi na neno likashika. Frazier aliishi miaka 36 tena, mpaka mwaka 2011.

Sasa mulinganishe na pigano lingine. Tarehe 13 Novemba 1982, Las Vegas, Ray Mancini alipigana na Duk Koo Kim, kijana wa Korea ya Kusini. Walipigana kwa moyo mkubwa sana, na watu walifurahi sana. Pigano lilifika vilevile raundi ya 14, na hapo Kim akaanguka. Alisimama, lakini nyuma yake alipoteza fahamu, na siku chache baadaye akafa. Baada ya kifo chake WBC ilipunguza mapigano ya ubingwa kutoka raundi 15 mpaka 12. Sheria ilibadilishwa, ni vizuri. Lakini Kim hakuiona.

Hii ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu letu. Tungependa kuisha hapa.

Sehemu ya pili ni juu ya siku ya tatu nyuma ya filamu, nyuma ya jiko. Wengi wenu mulikuwa pale, kwa hiyo hatuandiki habari mpya. Wadogo wawili walianza kubishana kama ninyi wote. Mmoja alisema Frazier ni mwanaume wa kweli. Mwenzake akajibu kwamba yeye mwenyewe ana sura ya Frazier, na akamwita gorila. Jina hili hakulitunga. Alilisikia kwa filamu, sababu Ali alimwita Frazier vile mbele ya pigano la Manila, akatembea hata na sanamu ndogo ya gorila mbele ya waandishi wa habari. Na Frazier alikuwa amemsaidia wakati Ali alipokatazwa kupigana. Tunampenda Ali, lakini neno lile lilikuwa baya. Mwaka 2001, miaka 26 nyuma yake, Ali mwenyewe alikubali katika gazeti kwamba alisema maneno asiyopaswa kusema, na aliomba radhi. Frazier alikuwa ameyabeba wakati wote ule.

Basi wadogo walishikana. Mulifanya mviringo. Na mulipiga kelele ile ile ya Kinshasa: "Boma ye! Boma ye!" Wageni wa inchi nyingine wanaimba neno hili bila kujua maana. Sisi tunajua Kilingala. Tunajua lina maana gani. Na yule aliyekuwa chini ni mtoto wa miaka 13.

Sisi makapita watatu tulifika mapema. Tulikuwa na nguvu ya kuwaachanisha kwa mkono mmoja. Mtu mmoja akasema: "Kapita, baache kwanza bapigane, iko tamu." Na sisi tulicheka. Mmoja wetu alitazama saa na kuita: "Raundi ya pili!" Mkono ulioshika saa ile ndio unaoshika kalamu hii. Nyuma kidogo mtoto alianguka juu ya jiwe la kufulia nguo, na ngozi ikapasuka juu ya jicho. Kwenye dispanseri walimshona nyuzi nne. Muuguzi alisema kama jiwe lingepiga chini kidogo, jicho lingepotea.

Wale wawili walipewa azabu ya kukata majani siku tatu. Sisi hatukupewa kitu. Zaidi, tulipewa asante, juu ya kumbeba mgonjwa mpaka dispanseri. Tulipokea asante ile na kunyamaza. Tulinyamaza siku mbili. Siku ya tatu tulirudi kwa Direkteri wa nidhamu na kumwambia yote. Yale majani nyuma ya dortuari ya wasichana munayoona yamekatwa, ni sisi tuliyakata.

Hatuandiki haya kusudi mutusifu. Tunaandika sababu shule nzima inazungumza juu ya anayepiga na anayeanguka, na hakuna anayezungumza juu ya wale wanaosimama kando. Lakini katika maisha, wengi wetu tutasimama kando. Si kila mtu ni Ali. Kila mtu anaweza siku moja kujikuta pahali pa Futch, na hapo atakuwa na dakika moja tu ya kuchagua.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, pigano likianza, wa kwanza kufika aseme basi, hata kama si kapita. Mdogo wa mwaka wa kwanza akisema basi, sisi tutakuwa nyuma yake.

Pili, jina gorila na majina mengine ya nyama yaishe katika shule yetu. Ngumi za nyuma ya jiko zilitoka katika mdomo.

Tatu, tunaomba kwa heshima Bwana Prefe na mwalimu wa michezo watusaidie kuwa na saa moja ya boksi kila juma, na glavu, na sheria, na mtu mkubwa wa kusimamisha. Wanaopenda ngumi wapigane pale penye macho.

Yule anayependa Kinshasa aendelee kupenda Kinshasa. Aandike juu yake kwa gazeti lijalo, tutasoma kwa furaha, na tutabishana tena kwenye robine. Mtoto wetu ametolewa nyuzi siku ya Jumatano. Tulimuuliza kama anachagua bado Frazier. Alisema ndiyo.

Ni sisi, makapita wenu wa mwaka wa sita.