JITU LILILOKUBALI KUBWAGWA

Ukiona neno mieleka usikimbilie ukurasa wa mashairi ukaniacha hapa nikizungumza peke yangu. Shuleni kwetu kuna kauli mbili juu ya mchezo huu. Vijana wenzangu wa bwenini husema, "Ile ni vita, bwana, ile si mchezo!" Walimu wetu nao husema, "Uongo mtupu! Wale wanaigiza tu." Mimi naona pande zote mbili zimeteleza. Tena kuteleza kwa upande wetu sisi vijana ndiko kulikonifanya, nikiwa Kidato cha Pili, nimvunje mwenzangu mtulinga, yaani ule mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani. Nitafika huko. Kwanza acha nikupeleke Marekani.

Tarehe 29 Machi 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome, jimbo la Michigan, kampuni ya WWF (ambayo siku hizi huitwa WWE) iliandaa WrestleMania ya tatu. Mimi sikuwa nimezaliwa, na mama yangu alikuwa angali msichana wa shule ya msingi. Niliyoyaona nimeyaona kwenye kanda ya mjomba wangu, ambaye katika miaka ya tisini alikuwa na kibanda cha video sokoni kwetu. Watu walilipa shilingi tano, wakabanana kwenye mabenchi kama dagaa, naye mjomba akasimama kando ya televisheni akitafsiri. Mtangazaji akisema neno moja kwa Kiingereza, mjomba aliongeza kumi yake kwa Kiswahili. Andre the Giant alimbatiza Baba wa Milima, na hadi leo wazee wa soko hilo hawamjui kwa jina jingine.

Mwezi wa Julai 2025 habari zilipofika kwamba Hulk Hogan amefariki akiwa na umri wa miaka 71, mjomba aliitoa kanda hiyo sandukuni, akaipuliza vumbi. Nilipofika kwake likizo ya Agosti akaniita, "Mpwa wangu, njoo uone watu."

Jamani, niliona watu! Uwanja ulikuwa mpana kiasi kwamba wanamieleka walipelekwa ulingoni kwa vigari vidogo vilivyoundwa mfano wa ulingo wenyewe. Kampuni ilitangaza kwamba watazamaji walikuwa 93,173. Wachunguzi wa mambo ya mieleka wamesema baadaye kuwa idadi ya kweli ilikaribia 78,000. Sasa niulize, watu 78,000 ni wachache? Si wangetosha kujisifu nao? Huu ndio uongo ninaoukataa. Vivyo hivyo tuliambiwa kwamba Andre hajawahi kushindwa kwa miaka 15, na kwamba hakuna binadamu aliyewahi kumwinua. Kumbe Hogan huyo huyo alikwisha kumwinua na kumbwaga mwezi wa Agosti 1980 katika uwanja wa Shea, New York, ingawa siku hiyo Andre ndiye aliyetangazwa mshindi. Wafanyabiashara walituuzia mbuzi ndani ya gunia. Walimu wakiuita huo uongo, mimi niko nyuma yao.

Lakini yaliyotendeka ulingoni ni jambo jingine kabisa.

Chukua pambano la Randy Savage na Ricky Steamboat. Hadithi yake ilianza Novemba 1986, Savage alipomponda mwenzake koo kwa kengele ya ulingoni. Walipokutana Pontiac walipigana karibu dakika 15, mara huyu anakaribia kuhesabiwa tatu anajinasua, mara yule, hata nikajikuta nimesimama juu ya kochi la shangazi bila ruhusa. Mwishowe Steamboat alimkunja Savage kama kifurushi, akambana mabega, akatwaa mkanda. Nilipomsifu Steamboat kwa wepesi wa akili, mjomba alicheka sana. Savage alikuwa mtu wa kuandika kila hatua kwenye karatasi, na wawili hao walikuwa wamesailiana hatua hizo mpaka wakazikariri zote, kama tunavyokariri ngonjera za Siku ya Wazazi. Usione vyaelea, vimeundwa. Je, nilihisi nimedanganywa? La hasha! Nilitaka kuitazama upya tangu mwanzo.

Kisha akaja Andre.

Huyu alikuwa Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1946, na ukubwa wake haukuwa wa kula sana kama tunavyotaniana hapa kwenye bwalo. Ulikuwa ugonjwa. Mwili wake ulitoa homoni ya kukua kupita kiasi, na haukuacha kumpanua hata alipokuwa mtu mzima. Alitangazwa kuwa na futi 7 na inchi 4, na uzito wa ratili 520, yaani kama kilo 236. Kufikia siku ile ya Pontiac alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo, na chini ya vazi lake jeusi alifunga mshipi wa kushikilia uti. Ukitazama kanda kwa makini utaona anavyozishika kamba za ulingo. Haziachi. Watazamaji walidhani ni mikogo ya jitu, kumbe mtu alikuwa anajitegemeza asianguke.

Mwanzoni tu Hogan alijaribu kumwinua, akalemewa, jitu likamwangukia na nusura mambo yaishe hapo. Yaliyofuata yalikuwa ya polepole. Andre alimkumbatia Hogan kwa nguvu muda mrefu, na kwa kweli sehemu hii inachosha. Nisiseme uongo kwa sababu ya mapenzi. Baadaye Hogan alimwangusha kwa mkono, umati ukalipuka. Jitu lilipoinuka, Hogan akalitia mkono katikati ya miguu, akalibeba, akaligeuza hewani na kulibwaga chini puu! Akamshukia kwa paja, refa akahesabu moja, mbili, tatu. Mjomba anasema kibandani kwake watu walitupa kofia, na mzee mmoja akatoka nje akakimbia kuizunguka soko lote.

Dunia nzima ilimsifu Hogan kwa nguvu zake. Na hapa ndipo ninapotofautiana na dunia nzima. Hapana mtu anayeweza kumwinua mwenye kilo 236 asiyetaka kuinuliwa. Anayebwagwa hujisukuma kwa miguu yake, hujikaza asilegee kama gunia la mahindi, huficha kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, kisha hutua kwa mgongo wote kwa pamoja ili kishindo kisambae. Anayembwaga naye humwongoza mpaka chini. Ulingo wenyewe ni mbao juu ya vyuma, na juu yake sifongo nyembamba na turubai, nao hunepa kidogo. Andre, mgonjwa, mgongo umeshonwa, alilitoa jina lake la kutoshindwa na mwili wake unaouma akamkabidhi mwenzake mbele ya maelfu yale. Angekataa, nani angemlazimisha? Alifariki Paris mwezi wa Januari 1993, akiwa na miaka 46 tu. Kwangu mimi bingwa wa siku ile ni yeye.

(Huyo Hogan, kwa upande wake, mwaka 2015 kampuni ilimtimua baada ya kufichuka kanda iliyomnasa akitoa maneno machafu ya kibaguzi juu yetu sisi watu weusi. Mwaka 2018 walimrudisha. Mimi sikumrudisha.)

Haya yote sikuyajua Jumamosi ile usiku. Tulisogeza vitanda ukutani, tukaacha ulingo katikati. Mimi nilikuwa Hogan. Nilirarua fulana niliyonunuliwa na mama muhula ule ule, wenzangu wakapiga kelele mithili ya bunge la vyura. Mwenzangu, kwa kuwa ndiye mnene kuliko wote, alipewa uandre bila kuulizwa. Aliniambia, "Polepole, ndugu yangu." Nilimsikia. Siwezi kusema sikumsikia. Lakini nilikuwa nimeambiwa mara nyingi kwamba mieleka ni uongo, na usiku ule nilitaka kuonyesha kuwa nguvu zangu ni za kweli. Nikambeba. Akiwa juu akashikwa na hofu, akanyosha mkono kutafuta pa kushika, nami nikamwachia. Bega lilitangulia kwenye sakafu ya saruji. Sauti ile ya mfupa siisahau. Bweni lote lilinyamaza, na yeye hakulia, alinitazama tu.

Metroni na mwalimu wa zamu walimkimbiza hospitali. Mimi nilitumwa nyumbani wiki mbili. Baba hakunipiga wala kunigombeza. Alimuuza ndama tuliyekuwa tukimlea tangu Januari ili alipe gharama ya matibabu, na kila jioni nilipopita kwenye zizi lile tupu nilitamani angenipiga.

Niliporudi nilikuta picha zote za wanamieleka zimebanduliwa kutani, na gwarideni tukaambiwa tena kwamba mambo yale ni uongo. Kwa heshima na taadhima, walimu wangu, neno hilo halikunitisha kabla ya ajali na halimtishi Kidato cha Pili wa leo. Linamchochea. Kila mwaka tunakwenda kwenye mashindano ya drama, na mwaka jana kijana wetu alianguka jukwaani amekufa kwa mshale, nanyi mkampigia makofi. Hakuna aliyemwita mwongo, kwa kuwa kila mmoja alijua alifunzwa wiki sita namna ya kuanguka. Basi tuambieni hivyo hivyo kuhusu mieleka. Mwalimu wa drama atuonyeshe anavyotua mtu, juu ya magodoro, na mara ngapi anarudia kabla hajaruhusiwa. Ningeyajua hayo mapema, singethubutu kumwinua mtu aliyeniambia polepole.

Mtaniuliza, je, hao waliofunzwa hawaumii? Wanaumia, tena sana. Mwezi wa Mei 1999 Owen Hart aliporomoka akishushwa kwa kamba kutoka juu ya ukumbi huko Kansas City, akafa, na onyesho likaendelea usiku ule ule. Sijapata la kuwatetea nalo hao walioamua liendelee, wala silitafuti.

Likizo ile ya Agosti nilimwalika mwenzangu kwa mjomba. Sikuwa na hakika kama atakuja, maana tangu ajali tulikuwa tukisalimiana tu. Alikuja. Tulitazama kimya mpaka pale Andre anapobebwa, akasema, "Hebu rudisha hapo." Nikarudisha. Alitazama, kiganja kimekaa juu ya bega lake la kushoto. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya nne mjomba alipaza sauti kutoka jikoni kwamba tunataka deki imtafunie kanda, na mwenzangu akajibu, "Mara moja tu, Mjomba, ya mwisho."