Kijiko cha Mafuta katika Mboga ya Mtoto



Wako watu wadhanio kwamba mafuta ni anasa, hutiwa mchuzini ili unukie tu. Basi mtoto aliyeachishwa ziwa hupewa uji mtupu na mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi. Tumbo limejaa, ni kweli. Lakini mwili umenyimwa.

Kila aoshaye chungu ajua ya kuwa mafuta na maji hayapatani mpaka itiwe sabuni. Katika utumbo mwembamba, nyongo itokayo katika ini hufanya kazi kama ya sabuni: huyavunja mafuta yawe matone madogo sana. Kisha maji ya kongosho huyakata matone hayo, zikapatikana asidi za mafuta, nazo hupenya ukuta wa utumbo na kuingia mwilini.

Huko zina kazi nyingi. Gramu 1 ya mafuta hutoa nguvu ya kalori 9, na gramu 1 ya wanga kalori 4 tu. Kwa hiyo tumbo dogo la mtoto hupata nguvu nyingi kwa chakula kidogo. Tena utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta, na ubongo vilevile.

Asidi nyingi mwili hujitengenezea wenyewe. Lakini mbili, linoleiki na alfa-linoleniki, hauwezi. Mwaka 1929, huko Marekani, George Burr na mkewe Mildred waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya wakadumaa, ngozi zao zikatoka magamba. Walipopewa asidi ya linoleiki kidogo, wakapona. Asidi hiyo imo katika ufuta, alizeti na karanga.

Tena mchicha una karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini karotini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Mboga ikiliwa bila mafuta, sehemu kubwa yake hupita bure. Mtoto apungukiwaye na vitamini hiyo huanza kwa kutoona vema jioni. Akiachwa, aweza kupofuka kabisa.

Basi mama atie kijiko cha mafuta, au karanga zilizotwangwa, katika mboga ya mtoto. Sisemi chakula kielee katika mafuta, maana yanayozidi mwili huyaweka akiba, na akiba ikizidi huwa mzigo. Baba aendapo dukani kununua chumvi, akumbuke na mafuta. Naye mwalimu amwonapo mtoto ajikwaaye kila magharibi, asimcheke, bali awahimize wazazi wampeleke hospitali upesi.