Bunduki Mbili za Marehemu

Juma hili twajibu suali lililotufikia kutoka Keroka, mji wa soko ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Ndugu wawili wamefiwa na baba yao, aliyekuwa na leseni ya bunduki mbili kuukuu: moja Lee-Enfield ya risasi ya .303, na ya pili bunduki nyepesi ya .22. Wauliza ni ipi waibakishe kwa kuwindia na kulindia nyumba.

Tuzitazame kwanza zana zenyewe. Lee-Enfield ni silaha ya vita. Askari wa Uingereza waliibeba katika vita vikuu vyote viwili vya dunia. Hubeba risasi kumi, na risasi yake yaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Ile ya .22 haina kishindo wala haimpigi mpigaji begani, hata wengine huidhania ni mchezo. Lakini risasi yake nayo yaweza kupita kilomita moja, na ikimpata mtu yaweza kumuua.

Ama kuwinda, sheria imekwisha kukata shauri. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuufungua mlango huo.

Ama ulinzi, Keroka si nyika. Mashamba ni madogo, na nyumba ya jirani iko umbali wa mwito. Risasi ya .303 hupenya ukuta wa udongo ikaendelea na safari yake. Usiku, mwenye hofu huona kivuli tu, na kivuli hicho chaweza kuwa kijana wake aliyechelewa kurudi. Bunduki ikifungiwa sandukuni na risasi zikawekwa kando, kama ipasavyo, haimfai aliyegutushwa usingizini. Ikiachwa chini ya kitanda, mtoto huenda akaifikia kabla ya mwizi. Fundo hili halifunguki kwa kuchagua moja baina ya mbili.

Tena leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Haiingii katika mirathi. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mtoto hana ruhusa ya kushika bunduki ya babake mpaka yeye mwenyewe apewe leseni.

Kwa hivyo twawanasihi wazikabidhi zote mbili kwa polisi. Wasizijaribu kwa kupiga, wala wasizibebe njiani. Wawaarifu polisi wazifuate nyumbani mbele ya shahidi. Namba za bunduki na hesabu ya risasi ziandikwe, nao wapewe hati ya makabidhiano. Kisha watie komeo imara mlangoni na taa uani, na wakubaliane na majirani ni nani ataitwa kwanza usiku, na kwa ishara gani.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wao, na awape wanawe kugawana kwa wema kilichobaki. Wassalaam.