Kupunguza Picha Kubwa

Picha ya simu yenye nukta 4000 kwa 3000 ina nukta milioni 12. Kuipeleka kwa jamaa walio mbali yala bando sana. Katika kompyuta, programu ya Paint yaweza kuipunguza. Pande zote mbili zikifanywa nusu, nukta hubaki milioni 3, yaani robo, nazo zatosha kuchapa karatasi ya sentimita 15 kwa 10. Upana na urefu vipunguzwe kwa kadiri moja, msije mkamrefusha bibi arusi kama mlingoti! Lakini angalieni sana: nakala ndogo ipewe jina jingine. Mkiihifadhi juu ya picha ya asili, nukta zilizoondolewa hazirudi. Na mzee wenu akiisha kufariki, hapana wa kupigwa picha tena.